Kiu ya Baba Mdogo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Verdiana alichota maji kisimani na kujaza mtungi wa nyumbani kwao Misunkumilo. Zamani maji hayo yaliwatosha mpaka jioni. Siku hizi akirudi mchana aliukuta mtungi mtupu na kata imelala chini. Hakuwa na haja ya kuuliza nani kayamaliza.

"Baba mdogo, hata ng'ombe wa Wasukuma hawanywi hivi," alimwambia siku moja kwa hasira.

Evodi, mdogo wake baba, alikuwa na ugonjwa mkubwa wa akili tangu ujanani. Alisikia sauti ambazo wengine hawakuzisikia. Tangu alipoanza kuchomwa sindano hospitalini kila mwezi, sauti zilipungua, akawa mtu wa kukaa barazani akivuta sigara na kunenepa. Sasa, bila sababu iliyojulikana, alikuwa anakonda.

"Kuna moto humu," alijibu akigusa tumbo. "Nauzima, hauzimiki."

Baba yake Verdiana, mzee Severini, alitikisa kichwa kwa huzuni. "Ugonjwa wake umerudi. Mtu gani ana moto tumboni? Mpe asali."

Mzee Severini alikuwa mrina asali, na katika nyumba ile asali ilitibu kila kitu: kikohozi, kidonda, hata majonzi. Evodi akihangaika alipewa kikombe kizima. Alipozidi kulegea, akaongezewa. Walimpenda, wala hawakumnyima kitu. Lakini nia njema peke yake haitibu.

Evodi alikwenda haja ndogo kila mara, na mara nyingi hakuwahi kufika chooni, akaishia kwenye migomba. Verdiana alipofagia huko aliwakuta sisimizi wamejaa. Alishangaa sana. Katika kazi ya baba yake, sisimizi walifuata kitu kimoja tu, nacho ni utamu uliodondoka. Alitaka kusema, akaona aibu. Mtoto wa kike ataanzaje kuzungumzia mkojo wa baba yake mdogo mbele ya wakubwa? Akaendelea kufagia.

Jumamosi moja Evodi hakuamka. Alipumua haraka, midomo imemkauka, na akiitwa alifumbua macho tu. Mzee Severini alimpakia kwenye baiskeli yake ya kubebea madumu ya asali, akaikokota kuelekea hospitalini. Verdiana alitembea nyuma akimshikilia mgongoni asianguke. Aliogopa kwamba mgongo ule ungepoa mikononi mwake.

Kijana wa mapokezi alimtambua Evodi mara moja. "Huyu si yule mgonjwa wa akili? Ugonjwa wake umempanda tu. Mpelekeni akachomwe sindano yake, mrudi naye nyumbani."

Mzee Severini, asiyezoea kubishana na watu wa ofisini, akaishika tena baiskeli. Aibu ya Verdiana ilikuwepo bado, lakini hofu ilikuwa kubwa zaidi. Akamkimbilia muuguzi aliyekuwa anapita na sinia la dawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Baba mdogo anasema ana moto tumboni. Anamaliza mtungi wa maji. Amekonda. Na pale anapokojoa... wanajaa sisimizi."

Baba yake akamkazia macho. Muuguzi, aliyeitwa Dorotea, akaweka sinia chini.

"Sisimizi? Mleteni huku upesi."

Evodi akalazwa. Mkojo wake kidogo ukachemshwa pamoja na dawa ya buluu, na ile buluu ikageuka kuwa rangi ya tofali. Muuguzi Dorotea akaiinua chupa waione.

"Hii ni sukari. Imemjaa mwilini. Nyumbani mnampa nini?"

"Asali," mzee Severini alijibu.

Evodi akatundikiwa maji na kuchomwa sindano za kushusha sukari. Jumatatu Verdiana alipotoka shule alimkuta ameketi kitandani anakunywa uji usio na sukari, huku amekunja uso kama mtoto. Verdiana alicheka, kisha machozi yakamtoka kwa furaha.

"Niliwaambia nina moto," Evodi alisema polepole. "Nyie mkadhani ni zile sauti."

Mzee Severini aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mdogo wangu. Kumbe mimi nilikuwa nauongezea kuni."

"Asali haikuuleta ugonjwa, ila iliuzidisha," alisema muuguzi Dorotea. "Mgonjwa wa akili ana mwili kama sisi. Ana moyo, ana mapafu, ana damu. Kukaa tu, sigara, na hata baadhi ya dawa zake vinaweza kumdhuru. Dawa za akili asiache, lakini apimwe uzito, presha na sukari kila akija. Na akisema anaumwa, msikilizeni. Lisemwalo lipo. Nawe Verdiana, kusema dalili za mgonjwa si utovu wa adabu. Ungeona aibu leo, tungekuwa tunalia."

Tangu hapo Evodi hutembea na kaka yake kwenda kuikagua mizinga, na sigara anazipunguza. Mtungi hukaa na maji hadi jioni. Kila asubuhi mzee Severini husimama barazani na kumuuliza, "Evodi, mwili unasemaje leo?" Kisha huketi kungoja jibu.