Kwikwi ya Jepkoech

Wachuka ndiye aliyeiona kwanza. Kola ya Jepkoech iliruka.

Ilikuwa saa nane na nusu mchana. Darasa la sita lilikuwa likisoma kimya, madirisha yamefungwa, na hapakuwa na upepo wowote. Kola ikatulia, kisha ikaruka tena, kama kwamba panzi amenaswa ndani ya blauzi. Ndipo sauti ikatoka.

"Hik!"

"Ulikula githeri mbiombio," Wachuka alimnong'oneza.

"Nilikuwa na... hik!... mazoezi."

Wachuka hakuwa msichana wa maneno mengi. Mwalimu akimuuliza swali, jibu lilifika kooni likaketi hapo hapo, hata kama alilijua vizuri. Mtu pekee shuleni aliyezoea kuisikia sauti yake ni Jepkoech, kwa sababu walikalia dawati moja tangu darasa la kwanza. Muhula wa kwanza wa mwaka huo wa 2008 tu ndio hawakuwa pamoja. Baada ya vurugu za Januari, zile za uchaguzi zilizowagombanisha majirani wa makabila tofauti, wazazi wa Jepkoech walihamia naye kwa mjomba wake huko Eldama Ravine, wakarudi kwao Bahati muhula wa pili ulipoanza. Hakuna aliyeuliza maswali. Mwaka ule watu wa Bahati walikuwa wakiyapima maneno kabla ya kuyatoa.

Jepkoech alikuwa kiranja wa michezo. Shingoni alivaa uzi wenye ufunguo wa kabati la michezo. Ndani ya kabati hilo mlikuwa na mipira, filimbi, bandeji, na mkebe mkubwa wa glukosi. Glukosi hiyo ililetwa kila mwaka na Bwana Balbir, mwenye duka mjini Nakuru, ili wakimbiaji wa shule wapate nguvu. Alhamisi ya wiki hiyo kulikuwa na mashindano ya tarafa, na Jepkoech angekimbia mita elfu moja na mia tano. Shule nzima ilimtegemea.

"Hik!"

Sasa darasa zima lilisikia. Vitabu vikashushwa.

"Kunywa maji ukiwa umeinama," alisema Micah.

Jepkoech akanywa. Maji yakamtoka puani na kwikwi ikabaki. Hiram, mcheshi wa darasa, akachana kipande cha karatasi, akakilowesha kwa mate na kukibandika kwenye paji la uso wa Jepkoech.

"Nyanyangu huwabandika watoto hivi," alisema.

"Mimi si... hik!... mtoto. Na mate yako yananuka vitunguu!"

Darasa likaangua kicheko. Karatasi ikaanguka, lakini kwikwi ikaendelea.

"Basi imebaki dawa moja," Hiram alisema, akapanda juu ya kiti. Kila mtoto pale aliijua dawa hiyo. Mtu mwenye kwikwi huambiwa kwa ghafla kwamba ameiba kitu. Akishtuka, kwikwi inakatika. "Wewe Jepkoech! Umeiba kuku wa Mwalimu Kamande!"

"Kuku gani? Mwalimu hana... hik!... kuku!"

"Alikuwa naye mpaka ulipomla!"

Walicheka tena. Jepkoech naye alicheka, kwa kuwa alikuwa akitarajia maneno hayo, na mtu anayetarajia hashtuki. Hapo ndipo Wachuka, ambaye hakuna aliyemtarajia aseme kitu, alipofungua mdomo.

"Jepkoech, umekula glukosi ya shule."

Jepkoech aligeuka, akavuta pumzi kwa nguvu, macho yamemtoka. Walingoja. Kola haikuruka. Walingoja tena.

"Imekatika!" Hiram alipaza sauti. "Wachuka, kumbe wewe ni daktari!"

Wote walipiga makofi, isipokuwa Micah. Yeye alikuwa amekunja uso.

"Ngojeni," alisema. "Jana Jepkoech alipofungua kabati, niliushika ule mkebe. Ulikuwa mwepesi."

Mwalimu Kamande alikuwa akiingia kwa somo la sayansi, akayasikia maneno hayo mlangoni. Aliomba ufunguo, akaenda kwenye kabati, akarudi na mkebe mkononi. Aliufungua mbele yao. Glukosi haikufika hata nusu.

Sasa hakuna aliyecheka. Minong'ono ilianza nyuma, ikaja mbele.

"Ndiyo maana kwikwi ilikatika."

"Alishtuka kwa sababu ni kweli."

"Ona anavyotoka jasho."

"Nyamazeni," alisema Mwalimu Kamande. Alikuwa mtu mpole, lakini alipenda mambo yanyooke. "Jepkoech, ni nani mwingine hushika ufunguo huu?"

Jepkoech alimtazama Wachuka. Alimtazama kwa muda mfupi tu, kisha akainamisha kichwa.

"Ni mimi peke yangu, mwalimu."

Hilo halikuwa kweli, na ni watu wawili tu waliojua. Kila jioni, Jepkoech akitaka kuwahi mazoezi, alimvulia Wachuka ule uzi na kumwambia, "Nirudishie mipira kabatini, dadangu." Kumpa mtu mwingine ufunguo kulikatazwa. Lakini Jepkoech alimwamini. Na kila jioni kwa wiki mbili, baada ya kuirudisha mipira, Wachuka aliufungua ule mkebe. Siku ya kwanza alilamba kijiko kimoja tu, kuionja. Ilikuwa tamu na baridi ulimini. Siku ya pili, viwili. Baadaye aliacha kuhesabu.

"Nitauweka ufunguo mimi mwenyewe kwa sasa," alisema mwalimu. "Jambo hili lisipoeleweka kabla ya Alhamisi, Jepkoech, sitaweza kukupeleka mashindanoni kama kiranja wala kama mkimbiaji. Mwenye lolote la kuniambia, ofisi yangu iko wazi."

Wachuka alikuwa nalo. Lilifika kooni, likaketi hapo.

Jioni hiyo nyumbani, Wachuka hakuugusa ugali. Nyanyake, waliyemwita Shosho, alimwangalia akisogeza sukuma wiki kutoka upande mmoja wa sahani hadi mwingine.

"Una nini, mama? Tumbo?"

"Shosho, mtu akiambiwa ameiba, na kwikwi ikakatika, je, ni lazima awe ameiba?"

"Sisi tulisema hivyo tulipokuwa wadogo," Shosho alijibu, akichukua sahani. "Lakini hata mimi iliwahi kunikatika, na sikuwa nimeiba chochote. Nililia siku nzima."

Siku iliyofuata ilikuwa Jumatano. Jepkoech alikuja mapema, akakaa upande wake wa dawati bila kusema neno. Wakati wa mapumziko hakuna aliyemwita kucheza. Msichana mmoja aliuondoa mfuko wake wa ndizi alipomwona akipita. Jepkoech aliona. Wachuka naye aliona, akageukia upande mwingine.

Baada ya mapumziko alifika Sista Truphosa, muuguzi kutoka zahanati. Alitembelea shule mara moja kwa mwezi kuwafundisha wanafunzi mambo ya afya. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kucheka, na aliwaruhusu watoto wamuulize chochote. Hiram hakuchelewa.

"Sista, ni kweli kwikwi hukatika mwizi akitajwa?"

Mwalimu Kamande, aliyekuwa amesimama nyuma, alikunja mikono kifuani.

"Mwezi uliopita," alisema Sista Truphosa, "mama mmoja alileta mtoto wa miezi mitatu kwa chanjo. Mtoto alikuwa na kwikwi. Upepo ukaubamiza mlango, bam! Mtoto akashtuka, akavuta pumzi, kwikwi ikakatika. Sasa niambieni ninyi. Mtoto yule alikuwa ameiba nini?"

Walicheka. Kisha vicheko vikapungua, kimoja kimoja, na watoto wakaanza kuangalia chini.

Sista alichukua chaki, akachora kichwa, moyo, mapafu na tumbo. Halafu akachora mstari mrefu kutoka kichwani, ukapita shingoni na kuvigusa vyote.

"Hii ni neva. Inaitwa vegasi. Ni kama waya wa simu kati ya ubongo na mwili. Ubongo unautumia kuuambia moyo, 'Pole pole.' Tumbo nalo linautumia kuuambia ubongo, 'Huku mambo si mazuri.' Kwikwi inakuja misuli ya kupumulia ikirukaruka, na neva hii ni mojawapo ya zile zinazohusika. Ukivuta pumzi kwa ghafla na kuizuia, ukimeza maji baridi, ukishtuka, wakati mwingine mrukoruko ule unakatika. Neva haijui habari za wizi. Haijui hata jina lako."

"Na mtu anaweza kuiamsha mwenyewe?" aliuliza Micah.

"Kidogo. Nimesoma kwamba ng'ambo kuna madaktari wanaojaribu kuiamsha kwa umeme mdogo sana kwenye sikio, bila kuipasua ngozi. Wanataka kujua kama itawasaidia wagonjwa wa kifafa na wenye huzuni nyingi. Bado wanachunguza, hawajamaliza." Akamwona Hiram akimnyooshea Micah kidole sikioni. "Na wewe kijana, betri ya redio ya babako uiache kwenye redio!"

Darasa likacheka tena.

"Sisi tutatumia njia isiyo na umeme. Wekeni vidole viwili hapa kwenye mkono, chini ya kidole gumba. Mmeyapata mapigo? Vuteni pumzi, nikihesabu hadi nne. Sasa itoeni taratibu, hadi sita. Tena."

Dakika mbili zilipita. Chumba kizima kilipumua kama mtu mmoja. "Yangu yamepungua!" alisema mmoja. "Hata yangu!" akasema mwingine. Sista alipita kati ya madawati akiwashika mikono. Alipomfikia Wachuka, alisimama.

"Yako bado yanakimbia, binti."

Vichwa viligeuka. Mtu nyuma akaanza, "Basi yeye ndiye..."

"Hapana!" Sista alikatiza. "Nimewaambia nini sasa hivi? Labda ana homa. Labda hakula asubuhi. Labda anaogopa kuangaliwa, kama ninyi mnavyomwangalia. Mapigo ya moyo hayawezi kunieleza ni lipi. Anayeweza kunieleza ni yeye tu, akitaka, kwa mdomo wake." Akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Refusha ile ya kutoka. Usiikimbize."

Wachuka alivuta pumzi. Angeweza kunyamaza. Sista alikuwa amemfungulia mlango wa kutokea: homa, njaa, woga, chochote. Kando yake, Jepkoech alikuwa ameshika mkono wake mwenyewe kwa vidole viwili, akiangalia ubao, bila kumwangalia yeye. Wachuka alitoa pumzi, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Moyo haukutulia wote. Lakini kooni palipata nafasi.

Alisimama.

"Ni mimi niliyekula glukosi," alisema. "Jepkoech alinipa ufunguo nirudishe mipira. Hajawahi kuilamba hata mara moja. Nilimsingizia ili kwikwi ikatike, na neno lililokuja mdomoni likawa lile langu."

Mwalimu Kamande alikuja mbele polepole.

"Kwa nini hukusema jana?"

"Sauti haikutoka, mwalimu."

"Leo imetoka," alisema mwalimu. "Lakini wewe ulipokuwa unaingoja, mwenzako alikaa siku nzima akiitwa mwizi. Hilo ni kubwa kuliko glukosi. Jumamosi nitakwenda nawe kwa Bwana Balbir, na utamweleza mwenyewe. Jepkoech, nawe ulikosea kumpa mtu ufunguo, na ukakosea tena kunidanganya ili umfiche. Ufunguo huu hapa. Uulinde."

Kisha aliligeukia darasa.

"Na sisi wengine tumekosa. Mimi nikiwa wa kwanza, kwa kuwa niliuchukua ufunguo kabla sijauliza vizuri. Tulimhukumu mtu kwa kwikwi na jasho. Mwili hutuonyesha kwamba kuna jambo, lakini hautuambii ni jambo gani. Msimhukumu mtu kwa kutetemeka kwake. Na ukiwa na ukweli ndani yako, usingoje mwili ukusemee. Tulia, upumue, useme."

"Na wakimbiaji?" Hiram aliuliza. "Glukosi haitoshi!"

"Maji safi na ndizi mbivu zinatosha," alisema Sista Truphosa.

Alhamisi asubuhi Wachuka alifika uwanjani na beseni kichwani. Ndani yake mlikuwa na ndizi za shamba la Shosho, alizozikata alfajiri. Alizigawa kwa wakimbiaji wote. Msichana aliyeuondoa mfuko wake jana alimletea Jepkoech kikombe cha maji, akasimama hapo akijikuna shingo, asijue la kusema.

"Asante," Jepkoech alimwambia, na msichana akatabasamu.

Mbio za mita elfu moja na mia tano zilipotangazwa, Jepkoech alivua uzi wenye ufunguo. Aliushika kidogo mkononi, kisha akampelekea Mwalimu Kamande. Aliporudi, kola ya fulana yake ilikuwa ikitetemeka.

"Si kwikwi," alisema. "Naogopa tu."

"Hadi nne," alisema Wachuka. "Halafu sita."

Walipumua pamoja, wamesimama kando ya mstari wa chokaa. Jepkoech alikuwa hajamwambia kama amemsamehe, na Wachuka hakumuuliza. Lakini kulikuwa na jambo jingine, la zamani zaidi ya glukosi, lililokaa kooni tangu Januari. Mwamuzi aliinua filimbi kuwaita wakimbiaji. Wachuka alitoa pumzi yote iliyobaki.

"Jepkoech, muhula wa kwanza, kila asubuhi, niliweka mkoba wangu mahali pako dawatini ili mtu asikae."