Aliomba Mara Moja

Siku ile maoni yalizidi kwa moja.

Waliokuwa wakisikiliza kitabu kikisomwa ni wanawake wanne, na kila mmoja alishatoa lake. Akullo alisema huyo kijana mnyonya damu ana kosa gani, kwani yeye angalau hubisha hodi na kuomba. Mume aliyemwacha yeye Akullo alimnyonya miaka sita bila kuomba. Anjeline, mama wa kanisa anayevuka mpaka kila asubuhi kutoka Busia ya Kenya, alisema huyo ni shetani, ila ni shetani mwenye adabu. Hajati Zubaida, mwenye karakana, aliuliza swali lake la kila siku: posa iko wapi? Goretti akasema kwa sauti ndogo kwamba angekuwa yeye ndiye yule msichana wa kitabuni, angemfungulia mlango. Hapo Joanita, aliyekuwa akiwasomea, alifunga kitabu akijua maoni yamekwisha.

"Asiombe tena," ilisema sauti ya tano. "Aliomba mara moja, akanyimwa."

Ilikuwa sauti nzito, ya mafua. Wote walimtazama Akullo wakacheka, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na mafua wiki ile, na Akullo naye akacheka bila kujua anachekwa kwa lipi. Mashine zikaanza kunguruma. Ni Joanita tu aliyebaki ameshika kitabu. Yeye peke yake kati yao alimjua mtu aliyeomba mara moja akanyimwa, na aliyemnyima alikuwa yeye.

Tuseme yote, maana kuficha ndiko kulikoleta balaa. Karakana ya Hajati Zubaida iko upande wa Uganda, nyuma ya maegesho ya malori yanayosubiri kuvuka, na hushona sare za shule. Kushona kola mia mbili zinazofanana kunachosha akili kuliko mgongo, kwa hiyo wanawake wale walikuwa na utaratibu: mmoja husoma kitabu cha hadithi, wengine hushona, na fungu la msomaji humshonea wao. Kila sura ikiisha, kila mtu sharti atoe maoni ndipo aguse kitambaa kingine. Msomaji alikuwa Joanita, kwa sababu alisoma kuliko wenzake na vitabu vyenyewe vilikuwa vya Kiingereza. Macho yake yalipita kwenye Kiingereza, mdomo ukatoa Kiswahili.

Kile cha mnyonya damu alikiokota kwenye rundo la vitabu vya mitumba, hakina hata jalada. Kilikuwa hadithi ya mapenzi: msichana, na kijana mzuri asiyekufa, anayeishi kwa damu za watu na asiyeweza kuingia nyumba ya mtu mpaka akaribishwe. Kijana huyo alikuwa na jina refu la kizungu ambalo Anjeline alilitamka kama jina la dawa ya kikohozi. Siku ya kwanza ulimi wa Joanita ulikwama kwenye jina hilo, ukateleza, ukamwita Ochwo.

Mashine zote zilisimama. Ochwo alikuwa marehemu mume wa Goretti, dereva wa lori la mawe ya machimbo ya Osukuru, aliyekufa kwa ajali mwaka mmoja na nusu uliopita. Joanita alitamani ardhi immeze. Lakini Goretti, ambaye tangu mazishi hakuna aliyeyaona meno yake, alicheka.

"Wacha aitwe hivyo," alisema. "Hata yule wangu alikuwa anatembea usiku tu."

Jina likabaki. Na Joanita, kila alipokiona kile kicheko, aliongeza kidogo. Alimpa kijana wa kitabuni mluzi wa Ochwo, ule wa kupitisha pumzi katikati ya meno. Alimpa namna yake ya kulala, mkono mmoja chini ya shingo. Alidhani anamrudishia Goretti kitu. Masikini Joanita, hakuwa na cha kurudisha.

Maana alikuwa amelala na Ochwo miezi saba, na Goretti, aliyemwita dada, hakujua. Kisha Ochwo akamwambia basi, anarudi kwa mke wake. Siku ya tatu lori likapinduka. Hospitalini wakasema mgonjwa anataka damu ya kundi O upesi, nayo imekwisha. Goretti alikuwa kundi B, hakumfaa. Alimpigia Joanita simu akilia: "Dada, wewe si uko O? Kuja, nakuomba." Na Joanita, kwa hasira za mwanamke aliyeachwa, akajibu kwamba ana taifodi, anameza dawa. Hakuwa na taifodi wala kikohozi. Alijiambia atapatikana mwingine. Hakupatikana. Ochwo alikufa kabla ya jua kuzama, na Joanita alikwenda msibani akasaidia kupika.

Tangu siku ya sauti ile ya tano, Goretti alianza kupauka. Viganja vyake vikawa vyeupe kama unga wa muhogo. Alitafuna udongo, alishona kola zikaenda upande, alisimama akashika ukuta. Zahanati walipima malaria, wakapima minyoo, wakapima hata yale yasiyotajwa kwa sauti, wasipate kitu. Damu tu inapungua. Walimpa vidonge vya kuongeza damu, ikazidi kupungua. La kushangaza, mwenyewe hakulalamika. Alikuwa na uso wa mwanamke anayependwa. Na kila saa saba mchana, wenzake wakienda kula, aliingia stoo ya vitambaa akafunga mlango, eti anapumzika.

Siku moja alikunja mkono wa blauzi ili anawe. Joanita aliona vidoa vinne vyekundu ndani ya kiwiko, vimejipanga pale pale muuguzi anapochoma sindano.

"Goretti, hii nini?"

"Mbu," alisema Goretti, akateremsha mkono wa blauzi.

Mchana uliofuata Joanita hakwenda kula. Jua lilikuwa utosini, malori yamezima injini, na karakana ilikuwa tupu. Kwanza ilimjia harufu: dizeli, vumbi la mawe, na juu yake ile spiriti ya kupangusia ngozi kabla ya sindano. Kisha mluzi, mwembamba, wa katikati ya meno, wimbo usio na mwanzo wala mwisho ambao Ochwo alikuwa akiupiga anapoosha lori. Joanita alinyata hadi kwenye mlango wa stoo, akaweka jicho penye ufa huku akimwomba Mungu asione kitu, na akamwona Goretti ameketi juu ya robota la kaki, mkono wa kushoto ameunyosha juu ya goti, ngumi akiifumba na kuifumbua kama wanavyoelekezwa watu wanaotoa damu, na mbele yake robota jingine ambalo hakuna aliyelikalia, nalo limebonyea katikati kama limekaliwa na mwanamume mzito, na chini ya robota hilo nyayo mbili za vumbi jeupe, nyayo za buti za kazi, zikimsogelea Goretti kidogo, na kidogo tena, kila ngumi ilipojifumba na kujifumbua.

"Polepole," Goretti alinong'ona. "Iko. Usiharakishe."

Mluzi ukakatika. Robota tupu likainuka likarudi umbo lake, na zile nyayo zikageukia mlangoni.

Joanita hakumbuki alivyotoka mle. Anachokumbuka ni kwamba kesho yake alikuwa kijijini Nabuyoga, kwenye ua wa Aboth, mwanamke mzee ambaye watu humpelekea watoto wachanga wanaolia bila sababu. Alimkuta anapepeta karanga, na mzee hakuacha kupepeta kwa ajili ya mgeni.

"Kwetu mtoto akilia sana, tunamtajia majina ya wafu," Aboth alisema baada ya kumsikiliza. "Akinyamaza, ule ulitaja amekuja. Wewe umetaja huyu mara ngapi?"

"Wiki tano, Jaja," alisema Joanita, kama anayemjibu bibi yake. "Kila siku."

"Na wale wanasikia, wanasema nini juu yake?"

"Wanampenda. Wanasema aingie."

Aboth aliweka ungo chini. "Alikufa anataka nini?"

Joanita alilia kabla ya kujibu. "Damu."

"Nani alimnyima?"

Joanita aliinamisha kichwa, akafumua uzi wa pindo la gauni lake la gomesi, na Aboth akapata jibu.

"Jaja, ni yeye mwenyewe, ama ni jini?"

"Kama ni yeye, kama ni jini lilikuta jina halina mtu likavaa, utajua namna gani? Damu anakunywa ni ile ile." Mzee alisogea karibu, sauti ikashuka. "Rudisha jina mbele ya masikio yale yale. Na useme ulimnyima nini, na sababu gani. Yote mbili. Ukiacha moja, huyo mwanamke hatamaliza wiki."

Umeambiwa mambo mawili na mtu anayejua. Wewe ungefanya mangapi? Joanita alifanya moja. Aibu ilimshika, na mtu akishikwa na aibu huona kifo cha mwenzake kiko mbali kidogo. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini hilo huambiwa watu wengine.

Jumatatu alifungua kitabu na kusema, macho yakiwa kwenye ukurasa, "Huyu kijana si Ochwo. Ochwo amekufa. Jina lake narudisha."

"Banange!" Akullo aliacha kukanyaga mashine. "Unatuulia mtu wetu?"

"Aki Joanita, na tumefika mahali patamu," alisema Anjeline. "Mimi nilikuwa nimeanza kumwombea."

"Hata kama hakuleta posa, mwache aishi," alisema Hajati.

Wakacheka wote. Na kutoka ndani ya stoo, mtu mwingine naye akacheka.

Safari hii hakuna aliyemtazama Akullo. Kicheko kile kiliendelea baada ya chao kwisha, harufu ya spiriti ikatanda mpaka macho yakawasha, mlango wa stoo ukafunguka polepole bila mkono, Hajati akaanza Ayatul Kursi akaikosea katikati akaanza upya, Anjeline akawa anaita Yesu, Yesu, kwa sauti isiyovuka meno, na katikati ya yote hayo Goretti akateleza kutoka kitini kama nguo iliyoanguka kwenye kamba, mkono wa kushoto umenyooka kuelekea stoo, ngumi ikijifumba na kujifumbua, na blauzi yake nyeupe ikiloa wekundu kiwikoni bila mtu kumgusa.

"Nililala na bwana yako!" Joanita alipiga kelele. Alikuwa amepiga magoti. "Goretti, miezi saba. Na ile siku uliniita hospitali, mimi nilikuwa mzima. Sikuwa na taifodi. Alikuwa ameniacha, amerudi kwako, nikasema na afe. Nilisema hivyo kwa roho yangu. Ochwo, mimi ndiyo nilikunyima! Si huyu! Huyu muachie!"

Mlango wa stoo ulijibamiza. Vumbi jeupe likaruka kutoka sakafuni, likaelea kidogo, likatulia. Harufu ikaisha papo hapo, na nje lori moja likawasha injini.

Hajati alipiga magoti, akakipakata kichwa cha Goretti. Akullo alikuwa amemtazama Joanita kama anavyotazamwa mbwa aliyekula mayai. Goretti, kichwa kikiwa mapajani mwa Hajati, alifumbua macho.

"Najua," alisema. "Ile ya kulala mkono chini ya shingo, mimi sikuwahi kuambia mtu. Wewe uliisoma kwa kitabu gani?" Akapumua kwa shida. "Hiyo ingine ya damu, aliniambia yeye."

Kisha akazimia.

Walimpeleka hospitali ya Tororo kwenye gari la Hajati. Daktari alisema damu iliyobaki haiwezi kumfikisha jioni. Kundi O humfaa kila mtu, na Joanita alijilaza kitandani kabla hajaulizwa. Aliufumba na kuufumbua mkono wake, akatazama mfuko ukijaa, akalia kwa sababu kumbe lilikuwa jambo la dakika kumi. Dakika kumi na kikombe cha chai. Hicho ndicho alichomnyima mtu akafa.

Mfuko ulitundikwa juu ya Goretti. Midomo yake ikaanza kupata rangi. Joanita alikaa kando ya kitanda, peke yake, maana wenzake walikuwa wamechagua kukaa nje.

"Saa ngapi?" Goretti aliuliza.

"Saa nane, dada."

Goretti aliutazama mlango wa wodi kwa muda mrefu. "Saa saba imepita na hakukuja."

"Hatakuja tena. Ameondoka. Utapona sasa." Joanita alimshika mkono. "Nisamehe."

Machozi yalimtoka Goretti, yakaingia masikioni, hakuyafuta.

"Ile siku walisema damu yangu haimfai," alisema. "Nilisimama pale na mikono mbili, nimejaa damu, namwangalia anakufa. Safari hii alikuwa anakubali yangu. Hakuwa anachagua kundi. Kila saa saba anakuja, anakunywa, anapata joto, ananiita jina yangu." Alimgeukia Joanita. "Umeniulia bwana mara mbili. Ile ya kwanza nilikuwa sijui nani wa kulaumu."

Akapeleka mkono wa kulia kwenye mpira wa damu ili auchomoe. Joanita akaukamata mkono ule, akaubana kitandani kwa nguvu zote zilizombakia, Goretti akimsukuma na kumwita muuaji, mpaka muuguzi alipokuja.