Tableti Ndani ya Pipa la Unga

"Inua ndege! Inua!"

Saa nane usiku tableti ya ndege ilipiga kelele jikoni kwa rafiki yangu Marlys, hapa Alaska. Mumewe Teague, rubani, huileta nyumbani kuingiza ramani mpya. Jamani, ilikuwa ya Wade, rubani mwenzake aliyeanguka na ndege mlimani akafa; wale mabosi mabahili wa kampuni yao wakaifuta damu tu, wakampa Teague! Na usiku huo, kwenye ramani yake, mstari wa safari umejichora wenyewe mpaka mlima uleule.

"Usiende nayo, baba Cody!"

"Mke wangu, hata friji hupiga kelele, na chakula tunakula."

Marlys akaificha kwenye pipa la unga. Teague akaitafuta, akaikosa, akaruka na ramani za karatasi. Asubuhi, giza bado limetanda, pipa likapiga kelele. Marlys akaifukua: kwenye kioo, kidege kinachoonyesha ndege ilipo kinatembea juu ya mstari. Kikafika mlimani, kikasimama.

Mpaka leo hakijasogea, na Teague hajarudi. Nimemwapia Marlys sitamwambia mwingine.