Usinisemee, Balagizi

Soko la Tsoka lilikuwa limejaa hadi huoni pa kuweka mguu. Arlette, kwa kitenge chake cha kijani na viatu vya kisigino, alisimama mbele ya cherehani ya fundi Balagizi akionyesha mgongo wake. Neno lilikuwa limemtoroka.

"Unataka vifungo, mama?"

"Hapana."

"Mukanda?"

"Hapana."

"Bwana?"

Arlette alicheka, ingawa hasira ilikuwa imempanda. "Ile ya kufunga mugongo, ya kupandisha juu. Imeharibika. Sikiliza, papa. Niko na miaka makumi ine na nane, na docta alisema ubongo yangu iko na ugonjwa ya kusahau. Si pombe, si ulozi."

"Basi ni zipu," Balagizi alisema, akamvutia kiti.

Wote wawili walitoka Bukavu, wote wajane, na zipu haijaisha kushonwa walikuwa wameshapeana namba. Jioni simu ya Arlette ikalia kule alikoishi, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka.

"Allô, chérie. Umekula?"

"Nimekula nsima. Na usiniulize kama mutoto."

"Nakuuliza kama mupenzi."

"Mupenzi wa nani?" alisema, lakini simu hakuikata.

Kilichomchosha Arlette si kusahau. Kusahau alikuwa amekuzoea. Kilichomchosha ni watu kumsemea. Kliniki walimuuliza kaka yake, sokoni walimuuliza jirani, naye yuko hapo hapo na masikio yake mawili.

Ndiyo maana alisimama kanisani kumtetea Sabine, mama aliyetoka Fizi, mwenye ugonjwa uleule. Sabine alikuwa akiingia nyumba zisizo zake, na majirani walitaka kumfukuza wakimwita mlozi. Katikati ya maneno, neno moja likamkwama Arlette. Balagizi huyo, akaruka kutoka kwenye benchi, akamkata kalima, akamaliza hotuba yote kwa sauti ya kuhubiri. Watu wakampigia makofi yeye. Sabine hakuna aliyemsalimia.

"Nilikusaidia," Balagizi alisema walipotoka nje.

"Nilikuomba?"

"Kumbe asante ya punda ni mateke."

"Punda hawezi kusema. Mi naweza."

Arlette akaacha kupokea simu zake. Zililia mpaka akachoka kuzisikia, na moyo ulimuuma, maana alimpenda mpumbavu yule.

Jumapili iliyofuata alirudi mbele peke yake. Neno lilipokwama alingoja, na kanisa zima, lipende lisipende, likangoja naye. Baada ya ibada mama wawili wakamshika Sabine mkono, wakamsindikiza hadi kwake. Balagizi alikuwa mlangoni. Alisikia yote bila kufungua mdomo.

Siku chache baadaye akafika kwa Gaspard, kaka mkubwa wa Arlette, na koti lililopigwa pasi na kreti ya soda, kuomba uchumba.

"Dada yangu hawezi kujibu mambo ya ndoa," Gaspard alisema. "Kesho atasahau. Miye njo nitajibu."

"Pardon, shemeji. Sikukuuliza weye." Akamgeukia Arlette. "Unanitaka?"

Arlette akafungua mdomo, neno halikuja. Gaspard akakohoa, akamtazama Balagizi amsaidie. Balagizi alitoka jasho mpaka kwenye kola, midomo ameibana. Akangoja.

"Ndiyo," Arlette alisema mwishowe. "Nakutaka. Na siku nitasahau jina yako, hata siku ile usinisemee."

"Sitakusemea."

"Hata kama nitanyamaza."

"Nitanyamaza na weye."