Mchanga wa Wasio na Wenyewe

Umutesi ndiye aliyeanza kuona kwamba moto wa jiko unapumua. Ilikuwa alasiri, mvua imekatika juu ya kilima cha Nengo kando ya ziwa, chai iko jikoni, na ule moto wa gesi wa rangi ya buluu ulikuwa unashuka, unatulia, unapanda tena polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Akadhani ni upepo, akafunga dirisha. Moto ukaendelea vilevile. Ndipo akageuka kumwangalia Keza, mtoto wao ambaye hata kukaa alikuwa hajajua, amelala juu ya kitenge. Moto ukishuka, kifua cha mtoto kinashuka. Moto ukipanda, kinapanda.

Alimbeba mtoto akakaa naye mlangoni, akimngoja mumewe.

Mumewe, Sylvain, alikuwa mtu wa pampu kwenye kisima cha gesi nyuma ya nyumba, kisima hichohicho kilichowasha jiko lao. Kampuni ndogo ilikuwa imechimba pale shimo lililoshuka chini, kisha likapinda na kwenda ubavuni ndani ya jiwe, likipita chini ya nyumba za majirani. Gesi ilikuwamo, ila jiwe liliibana. Kwa hiyo walisukuma maji kwa nguvu mpaka jiwe likapasuka, na ndani ya maji wakatia mchanga, ili ukae kwenye nyufa na kuzizuia zisijifunge tena. Walifanya hivyo kipande kwa kipande.

Mchanga mzuri ulitoka Kigali. Lakini mwaka ule wa tisini na nane barabara ilikuwa haipitiki kwa vita, na mchanga ukaisha. Injinia Nzeyimana, shefu wa kisima na mkubwa wa wafanyakazi wote, akasema gesi isipopanda kampuni itafungasha, kila mtu arudi kwao. Sylvain alijua pengine pa kuupata. Kuna kipande cha ufuko ambapo wavuvi huwalaza watu wanaotupwa na ziwa, wale ambao hakuna aliyekuja kuwaulizia. Wavuvi hawachoti mchanga pale hata wa kuziba tundu la ukuta. Anayepita hutupa sambaza mmoja, kasamaki kadogo tu, ili waliolala wajue kuna mtu anawakumbuka. Sylvain aliyajua hayo yote. Akasali Baba Yetu, akajiambia kwamba mbele ya Yesu mchanga ni mchanga tu, akajaza magunia. Hakukuta mfupa hata mmoja, akaichukua hiyo kuwa ruhusa. Mungu atuhurumie, ndivyo tulivyo, tunajipa ruhusa wenyewe kisha tunasema ni Yeye aliyetupa.

Gesi ikapanda. Nzeyimana akafurahi, akataka mchanga uleule kwa kila kipande kilichofuata.

Jioni ile mke alipomwonyesha moto na mtoto, Sylvain alitoka mbio mpaka kisimani, akazungusha gurudumu la koki kubwa kuifunga, mpaka likagoma. Ndani ya bomba kitu kikakwaruza, kama kucha nyingi kwenye bati, na harufu ya tope na samaki waliooza ikamjaa puani. Kisha akamsikia mkewe dirishani, sauti yake ikiwa chini mno.

"Fungua. Baba Keza, fungua. Mutoto hapumue."

Akafungua. Keza akakohoa, akalia. Midomo yake ilikuwa myeusi kama ya mtu aliyetolewa majini.

Kulipokucha Umutesi alituma watu Goma wamwite mjomba wake, Mwalimu Karenzi, aliyefundisha watoto Kurani na kufukuza majini. Sylvain ndiye aliyekataa hirizi ya mzee huyo Keza alipozaliwa, akisema nyumba ya mkristo haivai mambo hayo, na mzee hakuwa amesahau. "Mukristo," alimwambia mlangoni, "leo umekumbuka uko na wakwe?" Lakini alipomwona mtoto aliacha utani.

Alisoma mbele ya bomba kwa muda mrefu, kisha akaegemeza sikio kwenye chuma. Waliona jasho likimtoka, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi. Alipoinuka hakutaka kumwangalia Umutesi.

"Haiko jini moja," alisema. "Iko wengi. Wanasema walikuwa wamelala muzuri kwa muchanga yao. Mukawasukuma ndani ya jiwe, sasa wanalishika jiwe na mugongo. Pumzi hawana. Donc, basi wanaazima."

"Kwa nani, mujomba?"

Mzee akamtazama Keza. Umutesi akamkumbatia mtoto wake, akamgeukia mumewe, na Sylvain akapiga magoti palepale kwenye tope akasema yote kuhusu ule ufuko.

Karenzi akaamuru mchanga urudishwe. Sylvain akafungua koki yote, kisima kikatapika maji, na maji yakaja na mchanga mweusi, baridi kama umetoka kaburini. Waliubeba kwa ndoo mpaka ufukoni. Karenzi akaomba dua, Sylvain akasali sala yake, wakatupa sambaza konzi kwa konzi. Keza akanyonya, kwa mara ya kwanza tangu jana, na Umutesi akalia kwa furaha. Halafu bomba likakauka, likabaki linapumua taratibu. Mzee akasikiliza tena, akatikisa kichwa. Wengine walikuwa wamebanwa ndani sana, alisema, na yeye hana njia ya kuwafikia. Alichoweza kuwaachia ni neno moja: kisima kisifungwe kamwe, maana pumzi walizoazima zinapita humo.

Wakati huo Nzeyimana akafika. Alikuta gesi imeshuka, mchanga umetupwa, nyufa zinajifunga. Alitaka kufunga kisima saa hiyohiyo na kusukuma upya. Sylvain alimshika mkono, jambo ambalo alikuwa hajawahi kumfanyia mkubwa wake, akamweleza kila kitu, akamwomba amfukuze kazi, amfunge, lolote, ila koki aiache. Injinia hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umechoka, Sylvain," alisema kwa upole. "Nafunga kidogo tu. Mutoto atapumua, na we mwenyewe utaona."

Akalizungusha gurudumu.

Kifua cha Keza kilishuka, hakikupanda. Umutesi alimwinua mtoto mbele ya macho ya yule mtu, na Nzeyimana alipoiona ile midomo inavyogeuka rangi alilirukia gurudumu kulirudisha, lakini gurudumu likasaga, likakwama, mchanga umeingia kwenye meno yake, na Sylvain akaongeza mikono yake na Karenzi akaongeza yake, wanaume watatu wanavuta chuma kimoja, na huku wakivuta wakasikia mlango wa nyumba ya jirani unafunguliwa kwa kishindo, kisha wa nyumba ya pili, kisha milango mingine yote kuelekea juu Nengo, kila mahali lile shimo lilipopita chini, na wanawake wakawa wanashuka mbio kuja kisimani, kila mmoja amenyoosha mikono, na juu ya mikono mtoto.