Jogoo Aliyepotea Jumapili

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, nilipita nyumbani kwa mwalimu wetu wa sayansi na ndoo ya pumba mkononi kulisha kuku. Kuku hao hawakuwa wake. Walikuwa mradi wa darasa la sita. Banda la shule lilikuwa limebomoka kwa mvua, na kwa kuwa nyumba ya mwalimu imepakana na shule, alikubali tuwaweke uani kwake mpaka siku ya maonyesho. Kundi moja lilikula chakula cha dukani. Kundi letu lilikula chakula tulichochanganya wenyewe: pumba, mashudu ya alizeti na mabaki ya mboga. Tulitaka kujua ni kuku wa kundi lipi watakaonenepa zaidi. Sisemi kwa kujisifu, lakini jogoo wetu mwekundu alikuwa mzito kuliko kuku yeyote pale uani. Kila alipowekwa kwenye mizani, wenzetu wa kundi la dukani walinuna.

Darasani wananiita Pilipili. Ukinichokoza nakujibu papo hapo, tena sichagui maneno. Mwalimu alinichagua mimi nisimame mbele ya wageni siku ya maonyesho nieleze mradi wetu, na kuna waliosema waziwazi kwamba mtu mwenye mdomo kama wangu hafai. Niliwaambia wakalale. Moyoni, hata hivyo, nilikuwa nahesabu siku, maana sijawahi kuchaguliwa kwa jambo lolote pale shuleni isipokuwa kufagia.

Desemba ile nyumba ya mwalimu haikuwa na amani hata chembe. Sebule nzima ilijaa kazi za wanafunzi alizopaswa kuzisahihisha kabla ya shule kufungwa: nyumba za maboksi, milima ya udongo, mapafu ya mipira na mirija. Katikati ya vurugu hizo akaingia wifi yake, dada wa mumewe, na watoto wake na mabegi yao, kuja kula sikukuu za mwisho wa mwaka. Mume wa mwalimu alikuwa safarini kikazi. Wageni hawakuwa na pa kukaa. Mtoto mdogo wa wifi alikalia mlima wa mtu ukawa chapati.

Wifi akachoka. Siku moja akabeba mapafu na milima yote akavitoa nje barazani, ili watu wapate kupumua. Mvua ikanyesha. Mwalimu aliporudi akakuta udongo unatiririka hadi kwenye ngazi.

"Hii ni kazi ya watoto wa watu!" akafoka.

"Na hawa wanangu si watoto, wanakula wamesimama kama ng'ombe!" wifi akamrudishia. "Hii nyumba au stoo?"

Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Walikuwa wanakaa chumba kimoja, wanatazamana usoni, lakini kila neno lilipitia kwa mtoto wa mwalimu, ambaye ni mwenzangu darasani. Sote, hata kwao, tunamwita Kasuku kwa sababu hanyamazi.

"Mwambie mama yako chakula kipo mezani," shangazi yake anasema.

"Mwambie shangazi yako nikimaliza kusahihisha nitakula," mama yake anajibu, na wanagusana viwiko!

Mimi nilikuwa nasimama mlangoni na ndoo yangu nacheka peke yangu. Ningejua yatakayonipata, nisingecheka.

Jumatatu asubuhi nilifika uani, nikafungua banda, nikahesabu. Jogoo hayupo. Nikachungulia nyuma ya tangi la maji, nikapiga magoti chini ya matenga. Hayupo. Nikakimbilia ndani. Mwalimu alikuwa anatoka, ramani kwapani, boksi la madaftari mikononi, na kipande cha mkate mdomoni. Nilipomwambia, ule mkate ukaanguka.

"Nani alilisha jana asubuhi?"

"Mimi, Mwalimu. Na nilifunga mlango."

Kasuku alikuwa nyuma ya mama yake anafunga kamba za viatu. Hakuinua uso. "Mimi jana jioni niliukuta wazi," akasema.

"Muongo!" nikasema.

"Pilipili!" Mwalimu akanikatiza. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Sina muda wa kusikiliza ugomvi wenu. Umeniangusha."

Laiti yangeishia pale nyumbani kwake. Lakini darasani alisimama mbele ya wote akatangaza kwamba kwa uzembe wa mtu mmoja mradi wa miezi umeharibika, na mtu huyo hatazungumza tena siku ya maonyesho, wala asikanyage uani kwake. Hakutaja mtu. Hakukuwa na haja, maana darasa zima liligeuka kunitazama. Kiongozi wa kundi la dukani akanong'ona, kwa sauti ya kusikika hadi ukutani, "Hakupotea huyo. Kwao wamemla." Darasa likaangua kicheko. Mchana kutwa kila nilipopita mtu aliniuliza kama supu ilikuwa tamu. Nilimsukuma mmoja wao, nikaadhibiwa kwa hilo pia.

Nyumbani mama alikuwa na lake. "Ndoo yangu iko wapi?"

Nilikuwa nimeiacha uani kwa mwalimu. Nikamweleza yote, na nilipofika penye supu nikalia kwa hasira. Mama hakunibembeleza, hana tabia hiyo. Aliniuliza swali moja tu.

"Ulifunga, au hukufunga?"

"Nilifunga, mama. Nilifunga na nikaweka na jiwe."

"Basi kesho kachukue ndoo yangu. Na usipite kwa nyuma kama mwizi. Bisha hodi mlango wa mbele."

Kesho yake baada ya shule nikabisha hodi mlango wa mbele. Aliyefungua alikuwa wifi wa mwalimu, kanga kiunoni, sufuria yenye masizi mkononi.

"Shikamoo, shangazi. Nimefuata ndoo ya mama."

"Marahaba. Wewe si yule wa kuku? Leo mbona hukuja, wamepiga kelele asubuhi nzima!"

"Nimekatazwa. Wanasema niliacha mlango wazi, yule jogoo mwekundu akapotea."

Akanitazama kama niliyepungukiwa na akili. "Apotee wapi? Yule tumemla Jumapili! Nimemchinja mwenyewe. Alikuwa na mafuta, we acha tu."

Sufuria ile aliyoishika ndiyo aliyompikia, na alikuwa anaisugua hapo mbele ya macho yangu. Kisha hasira ikanipanda mpaka masikio yakawaka.

"Nani alikuruhusu?" Najua si namna ya kusema na mtu mzima. Nilisema hivyo hivyo.

"Ala! Mtoto ana mdomo huyu! Niliruhusiwa na mwenye nyumba. Nilimtuma Kasuku akamuulize mama yake nichinje kuku yupi. Akarudi akaniambia, mama amesema chukua yeyote umtakaye. Nikamtaka mnene. Ungekuwa wewe ungemtaka mwembamba?"

Mwalimu alikuwa sebuleni, sakafuni, amezungukwa na karatasi. Alisikia. Akatoka na kalamu nyekundu mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu ile mvua, akamsemesha wifi yake mwenyewe.

"Wifi, unasema umemchinja jogoo wa shule?"

"Nimemchinja kuku uliyeniambia nichinje! Kwamba ni wa shule ningejulia wapi?"

"Mimi nimekuambia lini?"

"Kwani mimi na wewe tunaambiana? Nilimtuma mwanao!"

"Kasukuuu!" Waliita wote wawili kwa pamoja.

Alikuja polepole, akasimama kati yao. Yule mtu asiyenyamaza darasani hata mwalimu akiwa anaandika ubaoni, sasa anatafuna ukosi wa shati. Mama yake akamshika bega, ndipo yakatoka kwa vipande. Alikwenda kweli kumuuliza mama. Mama alikuwa anasahihisha, akamfokea kabla hajafungua mdomo, "Toka hapa, usinisumbue!" Akaogopa kurudi mikono mitupu kwa shangazi, naye angemfokea. Akatunga jibu. Jogoo alipochinjwa akaona akisema ukweli atapigwa na pande zote mbili. Akatunga la pili.

"Na mimi nilivyokuwa naitwa mwizi ulikuwa unacheka," nikamwambia. "Nilikuona."

Akainamia vidole vya miguu yake.

"Lo," wifi akasema, sauti imeshuka. "Tena wewe mwenyewe ulikula paja, wifi. Ukaomba na mchuzi."

Mwalimu aliketi kwenye ngazi. Akanigeukia. "Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "nisamehe. Rudi kwenye mradi."

Ningesema ahsante nikachukua ndoo yangu nikaenda. Mtoto yeyote mwenye adabu angefanya hivyo. Lakini ulimi wangu una mambo yake.

"Mwalimu, ulinisema mbele ya darasa zima. Sasa unaniomba msamaha hapa barazani?"

Wifi akaziba mdomo kwa kanga. Uso wa mwalimu ukabadilika. "Chunga mdomo wako, Pilipili. Chukua ndoo uende."

Siku iliyofuata alisema darasani kwamba nitarudi kueleza mradi. Basi. Hakuongeza neno. Wenzangu wakadhani nimekwenda kumlilia akanihurumia, wakanizomea kuliko mwanzo. Kasuku alijitia kutafuta kitu mkobani. Nilimchukia, na nilimchukia mwalimu vilevile, sitaki kuficha. Nilikuwa nimerudishiwa kazi yangu, lakini jina langu lilikuwa bado linaburutwa matopeni.

Ikafika siku ya maonyesho. Tuliwapima kuku waliobaki. Bila jogoo wetu, kundi la dukani lilitushinda kidogo. Msichana wa kundi letu akaninong'oneza, "Andika uzito wake wowote tu. Nani atajua? Si ameshaliwa?" Alikuwa na haki ya kukasirika, maana naye alichanganya pumba hizo kwa mikono yake. Nikamwambia hapana. Nilikuwa nimeonja kusingiziwa, nikaona uongo sina hamu nao hata ule unaonisaidia.

Wageni wakaja: wazazi, mkuu wa shule, na afisa wa elimu mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Mwalimu alikuwa anakimbia huku na huku, anabandika karatasi, anatuliza watoto, na mwisho wa chumba wifi yake amesimama na watoto wake akiangalia. Nikaeleza mradi wetu mwanzo hadi mwisho. Nilipomaliza, afisa wa elimu akavaa miwani akasoma ubao wetu.

"Naona hapa jogoo mmoja amekuwa mzito sana, halafu mwishoni uzito wake haupo. Yuko wapi?"

"Hayupo, mzee. Aliliwa. Uzito wake wa mwisho hatuujui, na siwezi kuubuni."

"Aliliwa? Na nani?"

"Kwao!" mtu akasema kutoka nyuma. Vicheko vikaanza. Mama yangu alikuwa mstari wa mbele, akageuka polepole kumtafuta aliyesema. Mimi nilimwangalia mwalimu. Ningeweza kumtaja pale pale mbele ya mkubwa wake, na nilikuwa na sababu zote. Lakini nilitaka aseme mwenyewe, nikafunga mdomo, jambo ambalo silifanyi mara nyingi.

Mwalimu akaweka chini gundi aliyoishika. Akasogea mbele, akasimama kando yangu.

"Aliyemla ni mimi," akasema.

"Nilimla Jumapili nyumbani kwangu, paja na mchuzi wake, nikidhani ni kuku wa sokoni. Mwanangu alimdanganya shangazi yake, kisha akanidanganya mimi. Kasuku, simama." Kasuku akasimama, machozi yakimtiririka. "Na mimi nikamhukumu mtoto wa mtu mbele ya wenzake bila kuuliza hata maswali mawili. Kisha nikamwomba msamaha barazani kwangu, mahali ambapo hakuna aliyesikia, kwa sababu niliona aibu. Pilipili alifunga mlango. Hakuwa mzembe na hakuwa mwizi. Yeyote aliyemwita hivyo alijifunza kwangu, basi na ajifunze na hili kwangu."

Akageukia wanafunzi, na sauti yake ikawa ile ya darasani. "Sikilizeni. Mwanangu aliogopa kufokewa, akadanganya. Hilo ni kosa lake, na atalilipa: ataamka kulisha kuku hawa kila siku mpaka shule ifunguliwe, sikukuu zikiwemo. Lakini aliogopa kwa sababu mimi na wifi yangu tulijaza nyumba kwa kelele, tukamfanya mtoto awe mdomo wetu. Nilikuwa na kazi nyingi, ni kweli. Kazi nyingi haziniruhusu kumwonea mtu. Mkimkosea mtu hadharani, mtengenezeeni hadharani. Na mkiwa na neno na mtu, mfuateni mwenyewe."

"Hata mimi limenihusu," wifi akasema kutoka nyuma, na wazazi wakacheka kidogo. Mwalimu hakucheka. Alinigeukia, akainama kidogo mpaka macho yetu yakawa sawa.

"Nisamehe, Pilipili."

Tumefundishwa kwamba mtu mzima akikuomba radhi, mtoto hujibu upesi, si kitu, Mwalimu. Nilimtazama, nikawatazama wale waliokuwa wananiuliza habari za supu, sasa wote wameinamisha vichwa. Sikusema si kitu.

"Nimekusamehe, Mwalimu," nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi ukutani. "Na ninyi nawasubiri."