Kamba ya Solveig

Haya yalimpata shoga yangu Gunvor, hapa hapa kwetu kwenye mfereji wa Göta. Alikuwa na mumewe Torkel na Tyra, binti yake wa kambo, wakitoka ziwani na mashua. Kila wakifika lango la maji, pale mashua inapofungiwa kati ya kuta na maji kujazwa hadi iinuke, Gunvor hutangulia kushuka, akapanda ukutani, akadaka kamba na kuifunga.

"Marehemu Solveig alidaka kwa mkono mmoja tu," Torkel akasema tena, akimkumbuka mamake Tyra.

"Basi mwite huyo mkeo akudakie!" Gunvor akafoka, akajifungia chumbani mwa mashua.

Mashua ikaingia kati ya kuta. Dirisha likawa giza, maji yakichuruzika kwenye mawe. Akasikia kamba ikirushwa, ila hakusikia ikianguka. Kisha ikalia kwa kukazwa, mashua ikatulia.

"Asante, mpenzi," Torkel akasema, kwa sauti ambayo Gunvor hajawahi kuisikia.

Maji yalipowafikisha juu, akatoka mbio. Ukutani hapakuwa na mtu. Kamba ilikuwa imefungwa barabara, na ncha yake imesukwa kama nywele.

"Mama ndiye husuka hivyo," Tyra akanong'ona.

Torkel alikuwa amepiga magoti, akiupapasa ule msuko, wala hakuuliza nani kausuka.